Blanketi Nyuma ya Mlango

Mama Joyce anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema Jumapili ile, wageni kutoka mtaa wa Kwa Mrombo walipomaliza chai na kuaga, yeye alikuwa kwenye uzio akianua nguo zake, dirisha la sebule ya jirani yake, Eunike, lilikuwa wazi, na wala hakuchungulia, ni macho tu yalikwenda yenyewe. Anasema alimwona Vaileth, msichana mzima wa miaka ishirini na saba, amembeba yule paka wao mzee kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, akamweka juu ya blanketi la posa lililoletwa saa ile ile, akamnong'oneza neno sikioni. Paka akachuchumaa. Tena haukuwa mkojo wa paka, anasema Mama Joyce. Ulikuwa mkojo wa ndama.

Kufika Jumatatu upande wote ule wa Moshono ulikuwa unajua. Kufika Jumanne hata lile neno lililonong'onwa lilikuwa limepatikana: "Mwaga, baba, uniokoe."

Vaileth aliyasikia yote akiwa kwenye foleni ya maji na hakumbishia mtu. Ndivyo alivyo. Ni mtu wa kutazama kwanza na kusema baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haifiki. Alijua Mama Joyce ameongeza chumvi. Hakumbeba paka, wala hakumnong'oneza chochote. Ila kulikuwa na ukweli mwingine, mdogo, ambao Mama Joyce pamoja na macho yake yote hakuuona, na huo ndio uliokuwa umemkaa kifuani kama ugali uliomezwa bila mchuzi.

Blanketi lenyewe lilikuwa zito, jekundu, lina picha ya chui aliyeachama. Katika ukoo wa kina Vaileth, kule juu Akheri kwenye migomba na kahawa, baba anayeombwa binti hasemi ndiyo kwa mdomo. Huletewa blanketi. Siku iliyopangwa hukaa uani na wazee wenzake, likaletwa, likawekwa magotini pake. Akilifungua na kujifunika mabegani, maneno yamekwisha, binti ana wenyewe. Akiliacha magotini, wageni watakunywa walichokaribishwa na kushuka zao. Na mwezi wa saba, baridi ya Meru inapouma mpaka kwenye meno, hakuna aliyewahi kusikia mzee wa Akheri aliyeliacha blanketi magotini.

Siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi. Blanketi lilipitia kwanza Moshono kwa sababu Shangazi Eunike ndiye aliyemlea Vaileth tangu amalize darasa la saba, na ndiye angelibeba kwenda mlimani kwa kaka yake, Mzee Daniel, baba wa Vaileth. Sasa chui alikuwa amekojolewa usoni. Lakini dada yake mchumba alipopigiwa simu na kuombwa radhi alicheka tu, akasema msijali, litakuja jipya, tena kubwa zaidi. Kwa hiyo paka alikuwa amemwaga bure. Jumamosi ilibaki Jumamosi.

Mchumba mwenyewe, Reginald, ana duka la vifaa vya ujenzi Kwa Mrombo. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa mpole, alikuwa msafi, aliongea kuhusu mabati kwa upendo. Tatizo la Vaileth lilikuwa moja: Reginald akiinuka kwenda zake, kiti kilibaki kuwa kiti. Lakini kuna mtu mwingine ambaye akiondoka, Vaileth huchukua saa nzima kabla ya kuthubutu kukisogeza kiti alichokalia.

Huyo mwingine ni Eliya, bwana mifugo wa Ngaramtoni.

Alikuja mara ya kwanza mwezi wa tano kwa ajili ya ng'ombe wa shangazi aliyevimba kiwele. Alinawa mikono, Vaileth akimmiminia maji, kisha akauliza, tena hakumwuliza shangazi, alimwuliza yeye: "Wewe ndiye unayekaa naye. Umeona nini?" Tangu aache shule hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Vaileth ameona nini. Akaeleza. Kwamba ng'ombe siku hizi analalia ubavu wa kulia tu. Kwamba anatafuna taratibu. Kwamba anaruka akiguswa chuchu ya nyuma, ya kushoto. Eliya alitoa daftari akaandika kila neno, na Vaileth alisimama pale na birika tupu mkononi akitazama maneno yake yakigeuka wino. Ng'ombe alipona kwa siku tano. Vaileth hakupona.

Kisha paka akaanza kukojoa ovyo, na Eliya akawa na sababu ya kurudi.

*

Jumatano asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Shangazi Eunike alikuwa amevaa kitenge cha umoja wa akina mama, kilemba kichwani, amesimama mlangoni mwa jiko bila kumtazama paka aliyelala kando ya mkaa.

"Nimempigia simu yule bwana mifugo wako," alisema.

"Si wangu, shangazi."

"Wa nani basi? Wangu mimi? Mimi nina miaka sitini na moja." Alikaza fundo la kilemba. "Nimemwambia aje na sindano ya kumlaza huyu paka asiamke tena. Asisikie maumivu. Nikirudi saa nane nisimkute."

"Shangazi! Katibu?"

"Usiniite hivyo kwa sauti hiyo. Nani alimpa jina? Si mimi? Kila jumuiya ikikutana hapa anakaa katikati ya watu kama ndiye anayeandika kikao. Miaka kumi na minne. Unadhani mimi sina moyo?" Alimtupia paka jicho mara moja, akageuka. "Lakini amekojolea kochi. Amekojolea mkeka. Amekojolea begi la mchungaji, Vaileth, begi la mchungaji, na Biblia imo ndani! Sasa blanketi la watu. Wakija kunichukua Jumamosi wakute nyumba inanuka hivi, watasema tumemlea binti zizini."

"Labda anaumwa."

"Miezi miwili anachomwa sindano. Kama ni ugonjwa, si angekuwa amepona?"

Vaileth aliinamisha kichwa. Shangazi alidhani ni huzuni, akamgusa bega, akatoka. Haikuwa huzuni peke yake.

Alibaki akimtazama Katibu. Zamani alikuwa paka wa kijivu mwenye kiburi, aliyekuwa akiruka kutoka chini hadi juu ya kabati la vyombo bila kugusa kikombe. Sasa manyoya yalikuwa yamesimama mgongoni, makalio yamekonda, na kila akiinuka aliinuka kwa mafungu: mbele kwanza, kisha anapumzika, kisha nyuma. Alijiburuta hadi kwenye bakuli la maji akanywa, akanywa, akanywa.

"Nisamehe," Vaileth alimwambia.

Akaisikia pikipiki. Ilikuwa na kikohozi chake, aliitambua tangu ikiwa bado kule kwenye barabara ya lami, na kama siku zote mwili ulianza kabla ya akili: mkono mmoja ulikwisha kuvua aproni, mwingine ulikwisha kushika nywele.

"Hodi hapa."

"Karibu, daktari."

Eliya aliingia ameinama kukwepa kizingiti cha juu, koti la mvua likimchuruzika. Hakuwa mzuri wa kupigiwa picha. Masikio yalikuwa makubwa, na alikuwa na kovu kidevuni alilopewa na ndama. Lakini alikuwa na namna ya kuingia mahali akatazama kila kiumbe kilichomo, mmoja mmoja, kabla ya kusema. Alimtazama paka. Kisha akamtazama Vaileth, na macho yakakaa pale muda kidogo zaidi ya yanavyotakiwa kukaa.

"Mama yupo?"

"Amekwenda kanisani. Hakutaka kuona."

"Na wewe?"

"Mimi nitaona. Nimemlisha tangu akiwa kama kiganja, siwezi kumwacha peke yake leo."

Eliya alipiga goti. "Katibu. Habari za kikao?" Paka alimpa kichwa. "Unajua wenzangu Ngaramtoni wananicheka? Wananiuliza, huyo ng'ombe wako wa Moshono usiyekauka kwake, anatoa lita ngapi?"

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia anatoa nyingi sana. Ila si maziwa."

Vaileth alicheka, kisha akakumbuka siku yenyewe ni ya nini, kicheko kikamfia mdomoni. Eliya naye aliacha kutabasamu. Alitoa kichupa kwenye begi akakiweka juu ya kigoda, na sindano kando yake, bado kwenye karatasi yake. Hakuifungua. Alimpapasa paka ubavuni kwa vidole viwili, pole pole, akafumba macho kama anayesikiliza redio ya mbali. Akashuka kwenye nyonga. Katibu alilia.

"Figo zimesinyaa," alisema. "Ndiyo maana ya maji mengi na mkojo mwingi. Uzee huo. Lakini hapa nyonga zimekaza kweli." Alifumbua macho. "Vaileth, kabla sijafanya nilichoitiwa, nionyeshe choo chake."

"Choo?"

"Kila nikija unaniletea paka hapa jikoni, kuna joto, kuna chai, nami nakaa. Sijawahi kuona mahali anapotakiwa kukojoa. Ni kosa langu. Nionyeshe."

Angeweza kusema jambo. Angeweza kusema kimeoshwa, kimeanikwa. Alichukua upande wa kanga akafuta mikono iliyokuwa mikavu, akatangulia kwenda nyuma ya nyumba.

Kilikuwa kwenye kibaraza karibu na karo la kufulia, mahali upepo wa mlimani unapopita. Kasha la mbao la kubebea parachichi, kingo zake zinafika gotini, limejazwa maranda ya msonobari kutoka kwa fundi seremala. Yalikuwa makavu, meupe, hayajaguswa.

Eliya aliinama akapitisha kidole kwenye ukingo wa kasha.

"Hili ni jipya."

Vaileth aliokota randa moja lililoangukia sakafuni.

"Mbao hazijabadilika hata rangi. Nimekuuliza mara ngapi kama choo chake kimebadilishwa?"

"Mara tatu."

"Ukanijibu nini?"

"Ni kile kile."

Alirudi jikoni, akamleta paka mikononi, akamweka chini mbele ya kasha. Katibu alinusa ubao. Aliinua mguu mmoja wa mbele, akaupachika ukingoni, akauinua wa pili. Sasa alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, nayo ilitetemeka kama ya mzee anayepanda ngazi za hospitali. Alijaribu kusukuma. Akashuka. Akawatazama wote wawili, bila lawama, akageuka kwenda kukojoa kwenye rundo la nguo chafu.

"Basi," Eliya alisema kwa sauti ndogo. "Si ukaidi, wala si kibofu. Hawezi kupanda. Na hata angeweza, huku kuna baridi, na haya maranda yananukia kama dawa ya meno. Paka ana pua. Zamani alikuwa na nini?"

"Karai. La fundi ujenzi, pana, fupi. Na mchanga ule mweusi wa mtoni. Lilikaa sebuleni, nyuma ya mlango."

"Likaondolewa lini?"

"Siku watu wa Kwa Mrombo walipokuja kubisha hodi mara ya kwanza. Shangazi alisema wageni hawawezi kunywa chai karibu na karai la paka."

"Mwezi wa tano, mwishoni."

"Ndiyo."

"Na akaanza lini kukojoa ovyo?"

"Wiki ile ile."

Eliya alivua kofia yake ya sufi akaifinyanga mikononi. Vaileth aliwahi kumwona akipigwa teke na ng'ombe na hakubadilika uso. Sasa ulibadilika.

"Nimemchoma sindano sita. Sita, Vaileth! Nikidhani ni uambukizo. Nimerudi kwenye madaftari yangu ya chuo kama mwanafunzi aliyefeli. Mwenzangu mmoja aliniambia, Eliya, hebu kaulize habari ya choo, nikamwambia nimeuliza, anayemtunza ni mtu anayeona kila kitu, hawezi kukosea." Alimwinulia Vaileth macho. "Na hukukosea. Ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini?"

Ukungu ulikuwa unapita kati yao mwembamba kama moshi wa kuni mbichi. Vaileth alitazama viatu vyake vya mpira. Aliyatafuta maneno mazuri, yale ya watu waliosoma, hakuyapata, akatoa yaliyokuwepo.

"Ungemponya wiki ya kwanza, wiki ya pili ungekuja kufanya nini hapa?"

Mahali fulani kwa Mama Joyce kuku alikuwa anatangaza yai.  Masikio makubwa ya Eliya yalikuwa mekundu, na huenda ilikuwa baridi.

"Nina dhambi," Vaileth aliendelea, maana akinyamaza hataanza tena. "Kila ukimchoma nilikuwa naumia mimi. Nasema leo nitamwambia. Kisha unakaa kwenye kigoda, unanywa chai, unaniuliza nimeona nini wiki hii. Nami nasema, acha basi, nitamwambia wiki ijayo. Kiumbe cha Mungu kimeteseka miezi miwili ili mimi nipate kuulizwa nimeona nini."

Eliya aligeuka akampa mgongo. Alipozungumza tena alikuwa anazungumza na ukuta.

"Kuna msumeno hapa?"

"Upo stoo."

"Lete. Na lete mchanga ule mweusi, kama umebaki."

*

Alikata ubao wa mbele wa kasha mpaka ukabaki kimo cha vidole vitatu. Alikata bila haraka, akipuliza unga wa mbao, na Vaileth alishika upande wa pili usitikisike. Hawakuwahi kuwa karibu hivyo. Aliona nyuzi zilizochomoka kwenye kola ya Eliya na akatamani sindano na uzi, akajikemea, akatamani tena.

"Na blanketi?" Eliya aliuliza, msumeno ukienda. "Mtaani wanasema ulimbeba ukamweka."

"Mama Joyce huyo. Sikumbeba."

"Nani aliliweka pale?"

"Mimi. Shangazi aliniambia weka mahali pasafi. Nikaliweka sebuleni, nyuma ya mlango. Chini."

Msumeno ulisimama. "Pale karai lilipokuwa linakaa."

"Miaka yote."

"Ulijua atarudi pale."

"Mkono ulijua," alisema Vaileth. "Mimi nilijifanya siuoni mkono."

Eliya alitoa sauti ambayo ilianza kama kukohoa, kisha mabega yakamtikisika, na Vaileth akagundua anacheka. Alicheka mpaka akaegemea kasha. "Chui wa watu," alisema. "Usoni!" Naye Vaileth akashindwa, wakacheka wawili kama watoto walioiba sukari, na kicheko kilipoisha walikuta vidole vyao viko kwenye ubao mmoja, vya Vaileth vyeusi vya kazi na vya Eliya vyenye madoa ya dawa ya iodini, na hakuna aliyeondoa cha kwake. Muda ulipita. Kisha Eliya akaondoa.

"Nilimwambia mama yangu habari zako," alisema, akikwangua ukingo kwa kisu.

Vaileth aliacha kupangusa unga wa mbao. "Akasemaje?"

"Aliuliza umesoma mpaka wapi."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia darasa la saba, lakini anamsoma mnyama kuliko mimi niliyesomea. Akaniuliza, hilo lina cheti?"

Alisema kama utani. Haukuwa utani, na wote wawili walilijua hilo. Vaileth alimimina mchanga ndani ya kasha, akausawazisha kwa kiganja, taratibu zaidi kuliko ulivyohitaji.

"Mama yako hana kosa," alisema. "Na mimi ningekuwa na kijana mwenye diploma ningeuliza hivyo hivyo."

"Usimtetee."

"Mtetee wewe basi, au mkatalie. Mimi sijui ulifanya lipi."

Eliya aliinama akashika upande mmoja. Walilibeba kasha ndani, wakaliweka nyuma ya mlango, sakafu ikiwa imesuguliwa kwa siki na sabuni ya kipande, maana Eliya alisema ile dawa kali ya kung'arishia vyoo aliyokuwa anatumia shangazi ndiyo inayompa paka wazo la kurudi pale pale. Chini ya dirisha Vaileth akatandika sweta kuukuu. Katibu alikuja kwa mafungu yake, akanusa mchanga, akaingia. Hakuruka. Aliingia tu, kama mtu anayeingia kwake. Alifukua kidogo, akachuchumaa, akafumba macho, na wote wawili wakageuza nyuso pembeni kwa heshima.

Hapo ndipo shangazi alipoingia.

Aliona kasha. Aliona paka yu hai. Aliona kichupa mkononi mwa Eliya kikirudishwa kwenye begi kikiwa kimejaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nilisema saa nane nisimkute."

"Nimeshindwa, mama. Siwezi kumlaza mnyama ambaye kosa lake ni kasha." Akamweleza yote: nyonga, kingo, baridi, maranda, figo. Apewe supu ya dagaa isiyo na chumvi. Maji yasipungue. Sehemu ya pili ya kujisaidia iwekwe jikoni, maana mzee hawezi kushika mkojo safari ndefu. "Hataishi milele. Lakini mwaka anaweza, na hatakojolea tena begi la mtu."

Shangazi alikaa kwenye kochi, akavua kilemba. "Miezi miwili," alisema. "Miezi miwili hakuna aliyejua kwamba ni kasha?"

Vaileth alivuta pumzi ili aseme. Eliya akamtangulia.

"Ni mimi, mama. Sikukagua vizuri. Niwie radhi."

Shangazi Eunike hakuzaa, lakini alilea. Alimtazama kijana, akamtazama binti, akauona unga wa mbao kwenye nywele za wote wawili.

"Sawa," alisema mwishowe. "Paka abaki. Nilishalia njia nzima, sasa nimelia bure." Katibu alikuwa ametoka kwenye kasha, naye akamnyooshea mkono. "Ila Jumamosi iko pale pale. Saa nne kamili. Nimetoa neno, na kaka yangu amekwisha kualika wazee." Kisha, akimkuna paka nyuma ya sikio, bila kuinua macho: "Mama yako hajambo, daktari? Nasikia kwenye kwaya kwamba amekupatia mchumba, mwalimu wa sekondari. Hongera."

"Mama hajambo," alisema Eliya. Akalichukua begi lake.

"Msindikize mgeni, Vaileth. Getini tu."

*

Walitembea hadi getini hatua ishirini na Vaileth alizihesabu zote. Pikipiki ilikuwa imelowa. Eliya alipangusa kiti kwa mkono wa koti, akafunga begi nyuma, akalifungua, akalifunga tena. Kule juu ukungu ulikuwa umepasuka kidogo na kipande cha mlima kilionekana, mabega tu, bila kichwa.

"Hukutakiwa kunibebea kosa," Vaileth alisema.

"Lilikuwa jepesi."

"Halikuwa. Umejiaibisha kwenye kazi yako. Shangazi atasimulia, Mama Joyce ataongeza."

"Waongeze." Alivaa helmeti, akabaki ameishika mikanda bila kuifunga. "Sasa amepona. Sina tena sababu ya kuja."

"Huna."

"Ng'ombe je?"

"Mzima kabisa. Anakula kama ana harusi."

Neno lile lilianguka kati yao na hakuna aliyeinama kuliokota. Eliya alipanda pikipiki. Vaileth alitazama shingo ile ambayo miezi miwili aliitazama kutoka nyuma ya birika la chai, akaona kwamba akimwacha awashe pikipiki, maisha yake yote yaliyobaki yatakuwa mazuri, ya heshima, yenye paa lisilovuja, na kwamba yeye mwenyewe hatakuwemo. Alishika usukani. Hakuwahi kumwita kwa jina.

"Eliya."

Akageuka.

"Umezoea kuniuliza nimeona nini. Leo nitakuambia bila kuulizwa. Nimeona unavyonitazama ukiingia. Nimeona chai unainywa taratibu mpaka inapoa. Nimeona uliposema mama yako ameuliza cheti, ulikuwa unaomba nikasirike ili upate njia ya kuondokea. Sikasiriki." Aliukaza mkono kwenye usukani. "Jumamosi baba atakaa uani tangu saa tatu. Ni mtu wa kuwahi. Wao watafika saa nne. Kuna saa nzima hapo, hana kitu magotini. Sikuombi blanketi. Sikuombi uje na wazee, wala na mama yako kama hajakubali. Panda Akheri, ingia pale uani, umwamkie, umtajie jina lako na ulichokuja kutafuta. Mimi nitakuwa nimetangulia kule, na baba atanigeukia mimi kuniuliza. Hiyo sehemu niachie. Ila siwezi kuulizwa habari ya mtu ambaye hayupo. Utakuja?"

Ufunguo ulikuwa kwenye tundu lake na mkono wa Eliya ulikuwa juu ya ufunguo. Alimtazama Vaileth, uso wote, kama alivyomtazama siku ile ya kwanza akisubiri kuelezwa habari za ng'ombe. Midomo yake ilisogea. Kutoka ndani shangazi aliita mara moja, "Vaileth!", kisha mara ya pili, naye hakuitika, hakuachia usukani, alisimama pale akisubiri.